Asiende Bandarini

Kaka yangu mkubwa alifundisha jiografia miaka thelathini na mmoja, na wanafunzi wake wakambandika jina la Ramani. Jina likamganda hadi nyumbani. Hata mke wangu humwita Shemeji Ramani, naye huitika bila kinyongo. Ni mtu wa kupiga pasi mpaka leso. Tangu utoto hajawahi kunifokea, wala sijamshika na uongo hata mara moja. Nasema haya mapema ili mtu asije akadhani nasimulia habari za tapeli. Angekuwa tapeli, mzigo wangu ungekuwa mwepesi.

Mimi ni mchora mabango. Maduka ya dawa, saluni, gereji, shule za watoto wadogo. Kompyuta zimetunyang'anya nusu ya kazi, lakini bado wapo wanaopenda herufi iliyotoka mkononi mwa mtu. Kwa hiyo Ramani alipoanzisha darasa la unabii pale kanisani, Jumamosi alasiri baada ya mazoezi ya kwaya, mimi ndiye niliyemchorea chati.

Ilikuwa turubai ya mita nne. Upande wa kushoto ilisimama sanamu ya ile ndoto ya kitabu cha Danieli: kichwa cha dhahabu, kifua cha fedha, miguu ya chuma, na vidole vya chuma kilichochanganyika na udongo. Upande wa kulia wanyama wanne walikuwa wakitoka baharini. Katikati nilichora dunia ya leo na mishale mikubwa, na juu ya kila kidole cha sanamu nikaweka bendera ya nchi. Hizo bendera ndizo zilizoifanya kazi isiishe. Vita vikizuka mahali, au wakubwa wawili wa dunia wakigombana, Ramani alinijia na kikaratasi: futa hii, weka ile. Kidole gumba cha kushoto nilikipaka mara tano. Rangi ikajazana pale hadi kikavimba, na mama mmoja wa kwaya akasema sanamu imepatwa na jongo. Ramani mwenyewe alicheka siku hiyo.

Mambo haya yalimwanza baada ya mke wake kufariki. Gurudumu lilichomoka kwenye lori lililokuwa likishuka mlima, likaviringika peke yake barabarani, likawapita watu kumi na wawili, likamkuta yeye akiwa amebeba mfuko wa vitunguu. Ramani alikwenda kuwauliza waliokuwepo mmoja mmoja, ndiyo maana idadi naijua. Hawakuwa wamejaliwa mtoto. Miezi michache baadaye alianza kukata magazeti na kuyapanga kwenye majalada, na kusikiliza redio za nchi tatu kwa saa zake maalumu. "Hakuna linalotokea hivihivi tu," alikuwa akiniambia. Sikumbishia. Nilijisemea, heri hivi kuliko pombe.

Na alikuwa hodari. Hakutaja siku ya mwisho wa dunia kama wanavyofanya wengine; hilo alilikataa katakata. Yeye alisoma habari, akasoma Ezekieli, akasoma Danieli, kisha akasema kwa sauti ile ya darasani kinachoelekea kutokea. Alisema mkataba fulani utavunjika, ukavunjika. Alisema jeshi la kaskazini litavuka mto kabla ya mvua, likavuka. Watu wakaanza kuja kutoka makanisa mengine, mabenchi yakajaa, wengine wakasimama madirishani. Nami nilisimama kando ya chati na fimbo ya kuonyeshea, na sitajifanya mtakatifu: nilifurahi. Kuna utamu wake kujua kesho ya dunia wakati jirani yako hajui hata kwa nini mafuta yamepanda bei.

Binti yetu, kitinda mimba, wakati huo alikuwa ametimiza miaka miwili ya kuishi katika nchi ya mbali, kwenye mji wa bara, akifanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee. Aliwaogesha, akawalisha, akawageuza kitandani wasipate vidonda. Chumba alikaa na msichana mwingine wa nchi yetu, wa mkoa wa mbali na kwetu, aliyepewa jina la Kicheko kwa sababu alicheka hata mswaki ukiwa mdomoni. Mke wangu hakuwahi kumwona, lakini kila simu ilipopigwa aliomba apewe huyo mtoto, amsikie akicheka, ndipo aendelee na maongezi.

Kisha vita vikaifikia nchi ile.

Jumamosi iliyofuata Ramani aliongea saa mbili bila kukaa. Alisema mfalme wa kaskazini ameanza kushuka. Alionyesha bandari kuu ya nchi ile, akasema huo ndio mji wa Ezekieli, mji uliokaa penye mlango wa bahari ukifanya biashara na mataifa, ambao mawe yake na mbao zake na mavumbi yake vitatupwa majini. Kisha akapandisha fimbo hadi kwenye milima ya bara. Danieli, alisema, ametaja nchi zitakazoponyoka mkononi mwa mfalme huyo. Akapima kwa rula. Mji wa binti yangu ulikuwa ndani.

Tulipotoka aliniwekea mkono begani. "Mtoto yuko mahali pema," aliniambia. Nilirudi nyumbani nikalala usingizi mzuri.

Siku ya Jumanne, saa sita mchana, nilikuwa juu ya ngazi nikichora bango la fundi viatu. Simu ikalia mfukoni. Alikuwa binti yangu.

"Baba, ubalozi umetoa tangazo," alisema. "Kuna mabasi Alhamisi alfajiri. Yanatupeleka bandarini, halafu meli. Mwisho wa kujiandikisha ni kesho jioni."

"Wewe unaonaje?"

"Sijui. Njia ni saa sita. Bandarini kombora lilianguka wiki iliyopita, bohari likaungua. Na hapa wazee wengine hawana kwa kwenda. Yule bibi yangu wa kitanda cha saba hali chakula kwa mkono wa mtu mwingine. Nyinyi mnasemaje?"

Nyuma yake nilimsikia Kicheko akiimba na kuvuta zipu.

Nilishuka nikaenda moja kwa moja kwa kaka yangu, na brashi sikuiosha. Hakulichukulia jambo kijuujuu. Aliniomba siku moja. Jirani yake aliniambia baadaye kwamba siku hiyo hakula. Alionekana dirishani ameinamia meza, redio imewaka. Kesho yake alasiri alikuja kwetu na Biblia, rula, na ramani iliyokunjwa mara nne. Mke wangu alikuwa akichambua mchele mezani. Alisogeza sinia.

"Asiende bandarini," Ramani alisema.

"Kwa nini?" mke wangu akauliza.

"Bandari imehukumiwa, shemeji. Sisemi mimi."

"Anasema nani? Maana mimi nimesikia sauti yako."

Ramani hakukasirika. Alikunjua ramani, akatuonyesha: hapa pameanguka kombora, hapa pana kambi ya wanamaji, huku milimani hakuna kitu ambacho jeshi linakitaka. Yote aliyosema yalikuwa na mantiki, hata ukiziweka kando zile sura na aya. Ndiyo maana nasema si mpumbavu. "Wanaopanda mabasi hayo wanaupelekea moto miguu yao," alisema. "Milimani atapona. Angekuwa binti yangu ningemwambia vivyo hivyo."

Niliona neno likimfika mke wangu kwenye ncha ya ulimi. Alilimeza. Akasema tu, "Watu wote wanakimbia, yeye abaki kwa sababu ya rula."

"Si rula, mama," nikasema mimi.

Alinitazama. "Basi simu utapiga wewe. Mdomo wangu hauwezi kulisema hilo."

Nikapiga. Nilimwambia binti yangu kwamba mimi na baba yake mkubwa tumelitafakari, abaki. Hakubisha. Tangu mdogo alikuwa akisema baba mkubwa hakosei njia. "Sawa, baba," alisema. Kisha akasema, "Kicheko anauliza, na yeye je?"

Hapo ndipo ningeweza kusema: kila mtoto na wazazi wake, ampigie mama yake amuulize. Ingekuwa haki na ingekuwa rahisi. Lakini nilikuwa nimeshapata ile sauti ya mtu anayejua. Nikasema, "Mpe simu."

Alikuja akicheka, kama kawaida yake. "Shikamoo baba. Una hakika? Mwenzio begi nimeshafunga."

"Marahaba, mwanangu," nikamjibu. "Lifungue."

Mabasi yaliondoka Alhamisi. Jumapili meli iling'oa nanga kuelekea nchi jirani, na Jumanne iliyofuata televisheni ikaonyesha watu mia mbili na kumi na nne wakishuka kwenye ndege, mmoja mmoja, na mablanketi mabegani. Mke wangu aliketi mbele ya televisheni hadi wa mwisho aliposhuka. Kisha alinyanyuka akaenda kufua nguo ambazo zilikuwa safi. Ramani alisema hukumu hucheleweshwa, haifutwi. Nilimwamini, kwa sababu kutomwamini kungenilazimu kufikiri jambo jingine.

Siku ya kumi na mbili baada ya mabasi, mji wa milimani ulipigwa. Haikuwa kambi wala kiwanda. Ilikuwa mitaa minne ya majumba ya kawaida, saa nne asubuhi. Bandari hata leo imesimama.

Simu ya binti yangu haikupatikana. Siku ya kwanza tulisema ni mtandao. Siku ya pili tukasema labda chaji. Siku ya tatu hatukusema tena. Mke wangu aliacha kuniangalia usoni. Hakunitukana. Aliniwekea chakula, akatoka nje, akakaa kwenye ngazi ya nyuma na simu mapajani. Siku ya nne ilikuwa Jumamosi, nami nikaenda darasani, kwa kuwa kukaa nyumbani kulinishinda.

Watu walikuwa wengi kuliko siku zote. Ramani alisimama mbele ya chati niliyoichora kwa mikono yangu, na chaki mkononi, na hakuanza. Shati lake halikupigwa pasi. Tuliketi tukimsubiri. Ndipo akanyanyuka kijana mmoja mhasibu, mwanafunzi wake mzuri kuliko wote, mwenye kalamu za rangi nne mfukoni. Aliomba ruhusa, akasema ameona jambo katika Isaya. Akasoma. Ilikuwa aya ya mji wa milimani uliojidhania salama, na jinsi utakavyofanywa rundo la magofu. Akafafanua jina la mji, akahesabu miaka, akaonyesha jinsi yote yanavyoangukia mwezi huu. Alifanya vizuri sana. Mtu mmoja nyuma alisema amina, kisha wengi wakasema amina, na zilikuwa amina za furaha. Hawakuwa watu wabaya. Nusu yao walikuwa wameniletea mboga na kuni wiki hiyo. Lakini zile amina zilinipita kama maji ya baridi mgongoni, kwa maana nilizijua. Zilikuwa zangu pia.

Ramani alivua miwani. "Wiki tatu zilizopita," alimuuliza yule kijana, "aya hii ulikuwa nayo?"

"Hapana, Mwalimu. Nimeiona jana."

"Na mji ungesimama, ungeiona?"

Kijana alifikiri kwa unyofu. "Nadhani ningeona nyingine, Mwalimu."

"Ndiyo," Ramani alisema. "Mimi nilikuwa nayo hiyo nyingine." Aliiweka chaki kwenye ukingo wa ubao, taratibu, kama mtu anayelaza yai. "Mji uliposimama nilikuwa na aya. Umeanguka, wewe una aya. Hatuwezi kukosa, mimi na wewe. Hilo ndilo linaloniogopesha."

Watu hawakumwelewa. Walidhani ni huzuni ya familia. Mzee wa kanisa alisimama akaomba tumwombee binti yetu, tukaombewa, na kijana mhasibu akaendelea na kipindi kwa sababu Ramani alikuwa ameketi benchi la mbele na hakunyanyuka.

Simu ilikuja siku ya sita. Ilikuwa namba ya muuguzi mmoja wa huko. Mke wangu ndiye aliyepokea. Nilimwona akishika ukuta.

"Yu hai," alisema. Akasikiliza tena, muda mrefu, akisema "ndiyo mama, ndiyo mama," na machozi yakimtoka bila sauti. Kisha akanipa simu.

"Baba, ongea kwa nguvu," binti yangu alisema. "Sikio la kushoto limeziba."

Halikuwa limeziba. Lilikuwa limekwisha.

Nilimuuliza kuhusu mwenzake. "Kicheko hayupo, baba," alisema.

Alirudi baada ya wiki tano, kwa njia ya nchi kavu kupitia mpaka wa pili, amekonda, amevaa koti la mwanamume. Uwanja wa ndege alimkumbatia mama yake kwanza, kisha mimi, kwa nguvu ileile. Ningependa angepunguza kidogo, nijue ninasimama wapi. Wiki mbili za mwanzo alilala mchana, akaosha vyombo ambavyo hakuna aliyemwomba aoshe, na kila mtu alipomsemesha aligeuza kichwa kumpa sikio la kulia.

Ramani hakuja. Alituma salamu, akatuma matunda, akatuma pole kwa kila mpita njia. Mke wangu ndiye aliyechoka. "Mwambie aje," alisema. "Akiendelea kujificha nitamchukia kabisa, na mimi sina nguvu za kumchukia mtu."

Alikuja Jumapili mchana. Binti yangu alimvutia kiti akamketisha upande wake wa kulia, amsikie. Ramani alikuwa ameandaa maneno, niliyaona yakitafutana usoni mwake. Mwishowe alisema mawili tu: "Mwanangu, nilikosea."

"Najua, ba'mkubwa."

"Nataka uniambie yote."

Alituambia. Walikuwa wamebadilishana zamu, wote wawili wako chumbani, ghorofa ya kwanza, wanakunja mashuka. Alikaa chini ya kifusi kwa muda wa saa tisa. Kicheko alikuwa upande wa pili wa kabati, wanasikiana lakini hawaonani.

"Aliongea saa tatu za mwanzo," alisema. "Kwanza alikuwa na hasira. Alinitukana mimi, akawatukana na nyinyi, baba na ba'mkubwa. Matusi makubwa. Kisha akaniomba radhi. Kisha akataka nimwimbie, nikamwimbia. Halafu sikujua ni saa ngapi aliacha kunisikia, maana na mimi sikio lilikuwa limeshaharibika."

Mke wangu alitoka nje. Ramani alikaa ameinamisha kichwa, mikono magotini, kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini.

"Mama yake anajua amekufa," binti yangu aliendelea. "Hajui kwa nini alibaki. Wizara imemwambia tu kwamba hakujiandikisha. Anadhani mwanawe alizembea. Nataka kwenda kumwambia."

"Nitakwenda mimi," Ramani alisema.

"Twende wote," alisema yeye. "Mimi ndiye niliyemwambia baba yangu mkubwa hakosei."

Tulikwenda watatu, kwa basi la asubuhi, saa nane njiani. Ramani alibeba Biblia yake kwenye mfuko wa karatasi. Mama wa Kicheko alikuwa mpishi katika shule ya bweni. Tulimkuta jikoni, mama mnene wa makamo, kilemba cheupe, mwiko mrefu kama kasia mkononi, masufuria matatu makubwa yakitokota na moshi ukimwumiza macho. Binti yangu alipojitambulisha, yule mama aliuachia mwiko, akamshika mashavu kwa mikono yenye unga, akamtazama muda mrefu. Alifikiri tumeleta rambirambi. Alitutafutia benchi, akatupa maji ya kunywa, akatushukuru kwa safari ndefu.

Ramani hakuketi. Alimweleza akiwa wima, kwa mpangilio, bila kujitetea: darasa, chati, bandari, milima, rula. Sikuwahi kumsikia akifundisha vibaya vile. Alirudia maneno, akapoteza mtiririko, akaanza upya. Alipomaliza alisema, "Kosa ni langu."

Nami nikasimama, maana ningebaki nimekaa ningekuwa nimemwachia kaka yangu yote. "Simu niliishika mimi, mama," nikasema. "Alikuwa ameshafunga begi. Mimi nilimwambia alifungue."

Yule mama hakunitazama. Alimgeukia binti yangu. "Alikuwa amefunga begi?"

"Ndiyo, mama. Tangu Jumanne."

"Kwa hiyo alikuwa anakuja nyumbani."

"Ndiyo, mama."

Akaketi juu ya gunia. Moto ulilia chini ya sufuria. Ramani aliingiza mkono kwenye mfuko wa karatasi, nadhani kwa mazoea tu, kama mtu anavyopapasa miwani yake, na jani la kwanza la Biblia likasikika.

"Usifungue," alisema yule mama. Hakupandisha sauti. "Naijua. Ninayo ndani kwangu, na nimeisoma kila siku tangu waliponipigia. Lakini wewe usinifungulie."

Ramani akaurudisha mkono.

Kengele ya shule ikalia. Yule mama alijipangusa uso kwa ncha ya kilemba, akanyanyuka, akauchukua mwiko. Watoto mia nne walikuja na sahani zao. Alimpakulia kila mmoja, akamkemea aliyesukuma, akamwongezea mwembamba mmoja bila kuombwa. Binti yangu aliingia nyuma ya meza akamsaidia, naye hakumkataza. Sisi wazee wawili tulibaki kwenye benchi, na hakuna aliyetuuliza tumekula au hatujala, wala hatukustahili kuulizwa. Ilichukua karibu saa nzima.

Mtoto wa mwisho alipoondoka, alikuja akasimama mbele yetu.

"Mmefanya vizuri kuja," alisema. "Nilikuwa nimemkasirikia mwanangu kaburini. Nilidhani alipuuza. Sasa hasira hiyo nimeitoa kwake." Aliugeuza mwiko mkononi, akitafuta pa kuiweka, nadhani, au labda alishapata mahali. "Binti, wewe njoo ukipenda, siku yoyote. Utanijulisha mambo yake ya huko. Nyinyi wazee msirudi."

"Sawa, mama," Ramani alisema.

"Sisemi kwa ubaya."

"Tumeelewa."

Tulirudi usiku uleule. Ndani ya basi kaka yangu alitazama nje ya dirisha njia nzima, ingawa kulikuwa na giza na hakukuwa na cha kuona.

Darasa linaendelea. Mhasibu analiongoza, na wanasema anajua kuliko mwalimu wake. Alinijia mwezi uliopita na kikaratasi cha bendera, nikamwambia macho yangu hayaoni vizuri siku hizi, amtafute mchoraji mwingine. Na vita vingine vimeanza mahali pengine, kwa hiyo kazi ipo. Ramani haendi. Kanisani anakwenda, anaketi nyuma, anaimba. Redio anasikiliza bado, lakini nikimuuliza maana yake nini, anasema, "Watu wanakufa huko," basi. Mke wangu ananisemesha sasa. Ananisemesha vizuri. Ila simu ikilia mezani haniachii niipokee, hata kama iko karibu yangu.

Binti yetu humtembelea yule mama kila shule zikifungwa. Hukaa siku tatu, nne, wanapika, wanalala chumba kimoja. Hatumuulizi wanaongea nini. Safari hii alirudi, akatua begi, akaniambia jambo dogo: wakiwa wanaosha masufuria, yule mama aliuliza, "Wale wazee wako bado wapo?"

"Nikamwambia wapo," binti yangu alisema. "Akaendelea kusugua."

Nilivaa viatu nikampelekea kaka yangu habari hiyo. Alikuwa amekaa mlangoni akikata kucha. Aliniacha nimalize, akaweka mkasi chini.

"Aliuliza kwa sauti gani?" akaniuliza.

Nikamwambia sikuwepo.